Leza na Mwanga si Mionzi: Fahamu Tiba za Mabadiliko ya Awali ya Mlango wa Kizazi

Neno moja lisiloeleweka vizuri linaweza kumrudisha mwanamke nyumbani kabla hajapata tiba. Neno hilo ni "mionzi". Mwanamke amekwenda kupima kwa hiari yake, ameelezwa kuwa mlango wake wa kizazi una mabadiliko yanayopaswa kutibiwa, na pengine amepewa rufaa kwenda hospitali kubwa ambako anaweza kutibiwa kwa leza au kwa mwanga. Njiani anakutana na jirani anayemwambia kuwa hiyo ndiyo ile mionzi wanayopigwa wagonjwa wa saratani. Karatasi ya rufaa inakunjwa, inawekwa chini ya nguo kabatini, na miaka inapita.

Makala hii inaeleza tofauti iliyopo kati ya mambo hayo, inafafanua jinsi mabadiliko ya awali yanavyotibiwa kuanzia ngazi ya kituo cha karibu hadi hospitali za rufaa, na inaonesha mahali zinapoingia tiba za leza na mwanga, ambazo katika baadhi ya nchi sasa zinatumika kwa pamoja.

Mabadiliko ya awali ni nini

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba inayoingia ukeni. Karibu saratani zote za sehemu hiyo husababishwa na maambukizi ya muda mrefu ya aina hatari za kirusi kinachoitwa HPV, ambacho huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Aina mbili pekee, ya 16 na ya 18, huchangia takribani asilimia 70 ya saratani hizo.

Kuambukizwa HPV si aibu wala si ushahidi wa mwenendo mbaya. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata kirusi hicho wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Tatizo huanza pale kirusi kinapokaa mwilini kwa miaka. Seli za tabaka la juu la mlango wa kizazi hubadilika umbo na mpangilio wake, na hayo ndiyo yanayoitwa mabadiliko ya awali. Hayajawa saratani. Hayaumi, na kwa kawaida hayatoi damu wala harufu, na kwa sababu hiyo mwanamke hawezi kuyatambua mwenyewe.

Kwa mwanamke mwenye kinga imara, safari ya kutoka kwenye maambukizi hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imepungua, hasa anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa ipasavyo, safari hiyo inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako katika hatari ya kupata saratani hii mara 6 zaidi ya wengine. Muda huo, uwe mrefu au mfupi, ndio nafasi ya kuizuia saratani isitokee kabisa.

Jinsi yanavyogunduliwa

Njia inayotumika sana katika vituo vyetu ni ya kupaka siki ya kitabibu, yaani asidi ya siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi. Mhudumu husubiri dakika moja, kisha hutazama kwa macho. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka kuwa nyeupe. Njia nyingine ni kupima uwepo wa vinasaba vya kirusi chenyewe katika sampuli, ambayo mwanamke anaweza hata kuichukua mwenyewe kwa kijiti maalumu cha pamba.

Majibu ya kwamba kipimo kimeonesha mabadiliko hayamaanishi kuwa mwanamke ana saratani. Yanamaanisha kuwa kuna jambo linalopaswa kushughulikiwa sasa, lingali dogo.

Tiba za karibu: baridi na joto

Mabadiliko ya awali hukaa kwenye tabaka la juu na katika vitezi vifupi vilivyo chini yake. Hayajapenya ndani ya mwili. Kwa hiyo tiba zake zote, ziwe za gharama ndogo au kubwa, zina lengo moja: kuliharibu au kuliondoa tabaka hilo lenye kasoro, ili tabaka jipya lenye afya liote mahali pake.

Tiba ya kugandisha, maarufu kama tiba mgando, hutumia gesi iliyo katika mtungi kukipoza kifaa kinachogusishwa kwenye mlango wa kizazi. Kwa utaratibu uliozoeleka, mhudumu hugandisha kwa dakika 3, huacha barafu iyeyuke kwa dakika 5, kisha hugandisha tena kwa dakika 3. Tiba ya joto hufanya kazi hiyo kwa njia ya kinyume. Kifaa kidogo chenye joto la takribani nyuzi 100 hugusishwa kwa sekunde chache tu, na hurudiwa pale eneo linapokuwa kubwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia tiba hii. Vipo vifaa vyake vinavyotumia betri na kubebwa mkononi, hivyo hufaa pale ambapo umeme hukatika au usafirishaji wa mitungi ya gesi ni mgumu.

Tiba hizi mbili huweza kutolewa siku ileile ya kipimo. Mwanamke hulala kitandani kama anavyolala wakati wa kipimo, husikia maumivu yanayofanana na ya hedhi, kisha huinuka na kurudi nyumbani. Hachomwi dawa ya usingizi na halazwi.

Hata hivyo, si kila mwanamke anafaa kutibiwa kwa njia hizi. Mhudumu huhakikisha kwanza kuwa hakuna dalili ya saratani, kuwa eneo lote lenye mabadiliko linaonekana, kuwa halijaingia ndani ya njia ya mlango wa kizazi, na kuwa halizidi robo tatu ya uso wake. Sharti mojawapo lisipotimia, rufaa huandikwa. Sababu yake ni kwamba jambo fulani halionekani vizuri kutoka pale mhudumu alipo. Rufaa si hukumu ya kifo.

Hospitali ya rufaa

Huko daktari hutumia darubini maalumu inayokuza mlango wa kizazi bila kuingizwa mwilini. Chombo hicho kilibuniwa nchini Ujerumani na Hans Hinselmann mwaka 1925. Mahali panapotia shaka huchukuliwa kinyama kidogo na kupelekwa maabara. Majibu ya maabara ndiyo yanayoamua hatua inayofuata.

Kwa wengi, hatua hiyo ni kukata eneo lenye kasoro kwa waya mwembamba wa mviringo unaopitisha umeme, baada ya ganzi kuchomwa sehemu husika. Waya huo usichanganywe na kitanzi cha uzazi wa mpango. Hautumbukizwi wala kuachwa ndani ya mwili. Faida yake kubwa ni kwamba sehemu iliyokatwa hubaki nzima na kuchunguzwa maabara. Upungufu wake ni kwamba ukataji wa kina kirefu, au unaorudiwa, huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati katika mimba zijazo. Kwa msichana ambaye bado hajaanza kuzaa, jambo hilo lina uzito.

Leza inavyofanya kazi

Leza ni mwanga uliokusanywa na kuelekezwa mahali pamoja kwa nguvu. Leza ya kwanza iliwashwa nchini Marekani na Theodore Maiman mwaka 1960, na miaka minne baadaye Kumar Patel alibuni ile inayotumia gesi ya kabonidayoksaidi. Hiyo ya pili ndiyo iliyoingia sana katika tiba za wanawake. Miale yake haionekani kwa macho, lakini hufyonzwa haraka na maji. Kwa kuwa seli zimejaa maji, miale inapozigusa maji hayo huchemka papo hapo na seli hugeuka mvuke. Daktari, akitazama kupitia darubini, huondoa tabaka lenye kasoro kidogo kidogo. Kwenye mlango wa kizazi huenda hadi kina cha takribani milimita 7, ili vitezi vyenye mabadiliko visibaki.

Thamani ya leza huonekana zaidi pale mabadiliko yanapokuwa kwenye kuta za uke au sehemu za nje za siri. Kukata kwa kisu sehemu hizo huweza kuacha kovu, kubadilisha umbile na kuleta maumivu katika ndoa. Leza huweza kuondoa tabaka jembamba na kuiacha nyama iliyo chini yake.

Leza nayo ina masharti. Kinachogeuka mvuke hakiwezi kupelekwa maabara. Kwa hiyo kinyama lazima kichukuliwe na kuchunguzwa kabla, ili saratani iliyojificha isije ikachomwa juujuu na kuachwa mizizi. Aidha, moshi wake unaweza kubeba chembechembe za kirusi, hivyo chumba huhitaji mashine ya kuufyonza. Mashine yenyewe ni ghali na huhitaji umeme wa uhakika na daktari aliyefunzwa.

Tiba ya mwanga na dawa

Matumizi ya mwanga katika tiba yana historia ndefu. Niels Finsen wa Denmark alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga wa taa. Miaka michache kabla yake, huko Munich, mwanafunzi Oscar Raab aligundua kuwa rangi fulani ya kemikali iliua vijidudu pale tu ilipomulikwa. Ikiwa gizani, madhara yake yalikuwa madogo.

Tiba ya sasa imejengwa juu ya ugunduzi huo. Dawa inayotumika sana hufupishwa kwa herufi ALA. Hupakwa kwenye eneo lenye mabadiliko na kuachwa kwa saa kadhaa. Seli zilizobadilika huigeuza kuwa kemikali inayoitikia mwanga, na huilimbikiza kwa wingi kuliko seli za kawaida. Kisha eneo humulikwa kwa mwanga mwekundu. Mwanga huo huiamsha kemikali, nayo huibadili oksijeni iliyomo kwenye seli kuwa ya aina kali inayoiua seli hiyo kutoka ndani. Vitu vitatu ni lazima vikutane: dawa, mwanga na oksijeni. Kimoja kikikosekana, hakuna kinachotokea.

Mwanga wenyewe haukati na hauunguzi nyama kama moto. Mgonjwa huweza kusikia mwasho au hali ya kuungua wakati wa kumulikwa, na kutokwa majimaji siku zinazofuata. Kwa kawaida tiba hurudiwa mara kadhaa. Inavutia kwa wanawake wanaotaka kuzaa kwa sababu haipunguzi urefu wa mlango wa kizazi.

Kwa nini huunganishwa

Kila tiba kati ya hizi mbili ina pengo ambalo nyingine huweza kuliziba. Dawa ya kupaka hupenya milimita chache tu. Eneo likiwa nene au limeota magamba, dawa haifiki chini. Leza, kwa upande wake, huondoa kinachoonekana, ilhali kirusi huweza kuwa kimejificha katika seli za pembeni zinazoonekana za kawaida, na kutoka huko mabadiliko hurudi.

Kwa hiyo baadhi ya madaktari, hasa nchini China, huanza na leza ili kupunguza unene, kisha hupaka dawa na kumulika eneo hilo pamoja na ukingo wake. Mkulima angeuelewa utaratibu huu bila shida: kwanza hufyeka kichaka, kisha hushughulikia mbegu zilizobaki ardhini. Mpango huu umetumika zaidi kwa mabadiliko ya ukeni na sehemu za nje, na kwa yale yaliyorudi baada ya tiba nyingine.

Matokeo yaliyochapishwa yanatia moyo, lakini yanatokana zaidi na tafiti za wagonjwa wachache waliofuatiliwa kwa muda usio mrefu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi unaelekeza matumizi ya kugandisha, joto na ukataji. Tiba ya mwanga na dawa haimo katika orodha hiyo. Vilevile, uhakiki wa tafiti zilizolinganisha kugandisha, leza na ukataji haukuonesha njia moja inayozishinda nyingine kwa uwazi.

Maana yake kwa mkazi wa kata ni hii: mwanamke aliyekutwa na mabadiliko yanayofaa kutibiwa kwa joto au baridi hapati tiba hafifu. Hana sababu ya kuuza mbuzi au kukopa katika kikundi cha kuweka na kukopa ili aifuate leza mjini, wala ya kusubiri hadi mashine hiyo ifike wilayani. Leza na mwanga ni kwa ajili ya hali mahususi, na daktari wa rufaa ndiye anayeamua.

Tofauti na mionzi

Tiba ya mionzi inayotolewa katika hospitali za saratani, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam, ni nguvu ya aina nyingine. Hupenya ndani kabisa ya mwili na kuharibu vinasaba vya seli za saratani. Hutumika pale saratani inapokuwa imekwisha kuota. Nayo huokoa maisha ya wengi, lakini huweza kusimamisha uwezo wa kuzaa.

Leza na mwanga wa tiba haviachi mionzi yoyote mwilini. Havisimamishi hedhi, haviondoi kizazi na havimzuii mwanamke kupata mimba. Anayetibiwa kwa leza au mwanga anatibiwa ili asije akahitaji mionzi.

Baada ya tiba

Tiba yoyote kati ya hizi huacha kidonda kinachohitaji muda wa kupona. Mwanamke hutokwa majimaji kwa wiki kadhaa, na hiyo ni hali ya kawaida. Hushauriwa kutojamiiana kwa wiki 4 hadi 6, au kwa muda atakaoelekezwa na mhudumu wake, na kutoingiza kitu chochote ukeni, iwe dawa za kienyeji, sabuni au vitu vya kubana. Akiona homa, maumivu makali ya tumbo, damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya, arudi kituoni mara moja bila kusubiri tarehe yake.

Hapa ndipo nafasi ya mume inapoonekana. Kupumzika kwa wiki hizo hakuwezekani kama mwenza hakuelezwa. Mwanamke anaweza kuongozana naye kliniki, na mhudumu atamfafanulia. Mume anayemsindikiza mkewe, akatoa nauli na kuheshimu siku za kupona, ameshiriki katika tiba.

Baada ya miezi 12, mwanamke hurudi kupimwa tena. Marudio haya yasipuuzwe, kwa sababu kwa baadhi ya wanawake mabadiliko hurudi, hasa kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wapo wanaotibiwa vizuri, wakajisikia wazima, wasionekane tena kituoni. Kujisikia mzima si kipimo, kwani hata kabla ya tiba hawakuwa wakisikia chochote.

Nani apime, na aende wapi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30 kwa wanawake wote, na miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Lengo la dunia kufikia mwaka 2030 ni kuwa asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa wanapofikisha miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Mama anayekwenda kupima akumbuke pia kuuliza kuhusu binti yake.

Mwenye kuhitaji huduma aanzie kliniki ya afya ya mama na mtoto iliyo karibu naye, au kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaohudhuria huko. Kituo kisichotoa uchunguzi kitamweleza mahali unapopatikana. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji au mtaa anaweza pia kumwelekeza. Mwanamke anayetokwa damu baada ya kujamiiana, baina ya hedhi, au baada ya kukoma hedhi asingoje siku ya kampeni. Aende sasa.

Aliyepewa rufaa aulize maswali manne kabla ya kuondoka: Ninakwenda kuangaliwa nini? Majibu ya kinyama yatachukua muda gani? Tiba inaweza kuwa ipi? Nirudi hapa lini? Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi ya rufaa au kwenye daftari la kliniki.

Na kama ipo karatasi ya rufaa iliyokunjwa na kuwekwa kabatini tangu mwaka jana, au tangu miaka mitatu iliyopita, bado ina thamani. Hakuna mhudumu anayepaswa kumgombeza mwanamke kwa kuchelewa. Aichukue karatasi hiyo, aende nayo kituoni, na uchunguzi uanze upya kutoka hapo.